Sauti kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi: dalili, chanzo na tiba

Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi kinabeba kitanda cha tano kwa sita, kabati la nguo, mtungi wa gesi, ndoo za maji na begi la safari juu ya kabati. TV na sauti yake zinapewa nafasi iliyobaki. Mwenye chumba anakwenda Kariakoo, muuzaji anamwambia "hii ni ndogo lakini inapiga", anaibeba begani mpaka kituo cha daladala, na wiki haijaisha anatafuta mtu wa kubadilishana naye. Ukienda kuiangalia, kifaa ni kizima. Kimewekwa pabaya, kimeunganishwa vibaya, au ni kikubwa kuliko hewa ya chumba.

Msimamo wangu katika jambo hili ni mmoja: chumba kidogo hakina njaa ya wati. Kina shida ya besi inayojaa kupita kiasi, na shida ya nafasi ya nyuma ya kifaa ambayo hakuna aliyeipima. Mengine mengi ni waya na mipangilio ya TV, na kuyarekebisha ni bure. Kabla ya kuuza ulichonacho, tafuta dalili yako hapa.

Kifaa hakiingii, na ulipima

Watu hupima upana. Kinachowaumbua ni kina, yaani kutoka uso wa spika hadi ukutani. Boksi linasema sentimita 15, lakini hapo hazijahesabiwa pini nyekundu na nyeupe zinazochomoza nyuma sentimita nne au tano, wala waya, ambao ukikunjwa kwa nguvu unakatika ndani kwa ndani baada ya muda. Spika yenye tundu la kupumulia kwa nyuma nayo inataka kama sentimita 10 za hewa kutoka ukutani. Spika ya 15 imeshakula 25, na shelfu uliyotengenezewa na seremala ina kina cha 20.

Tiba rahisi ni pini zilizopinda, zinazotoka kwa pembeni. Kama bado hujanunua, chagua spika yenye tundu mbele, au isiyo na tundu kabisa. Njia ninayoipenda zaidi haihitaji hata futikamba: kata kadibodi iwe na saizi ya kifaa pamoja na pini zake, iweke mahali pake, uishi nayo siku mbili tatu. Utajua kama mlango wa kabati unaigonga na kama mtoto anaifikia.

Saundiba, yaani spika ndefu nyembamba inayokaa chini ya TV, ina mtego wake. TV ya inchi 32 ina upana wa sentimita 72 au 73 hivi, ya inchi 43 inakaribia 97. Saundiba ya mita nzima chini ya TV ya 32 inatokeza pande zote mbili, na ndivyo inavyoangushwa na mtu anayepita kwenda kitandani. TV zenye miguu miwili pembeni zinataka saundiba ipite katikati ya miguu hiyo. Pima pia kimo: ikiwa ndefu kwenda juu kuliko uwazi ulio chini ya TV, inaziba jicho la rimoti, halafu unaanza kulaumu betri.

Chini ya kitanda sipendekezi. Ni kweli ndiyo nafasi pekee iliyo wazi katika vyumba vingi, lakini sabufa nyingi za madukani zina amplifaya ndani yake, na kule hakuna hewa, kuna vumbi, na chaga zitagongana kila besi ikipiga.

Besi inavuma na kuziba kila kitu

Hii ndiyo dalili kuu ya chumba kidogo. Noti moja ya besi inalipuka, inayofuata haisikiki, na mtangazaji wa mpira anaongea kama yuko ndani ya pipa. Mwenye chumba anasema sabufa ni mbovu. Ajaribu kuipeleka uani: itakuwa ya kawaida kabisa.

Chanzo ni vipimo vya kuta. Kwenye hewa ya nyuzi 30, joto la kawaida Dar es Salaam, sauti inasafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Wimbi la besi likigonga ukuta linarudi, na pale ambapo umbali kati ya kuta mbili ni nusu ya urefu wa wimbi hilo, linajiongezea nguvu lenyewe. Futi kumi ni mita 3.05. Zidisha mara mbili upate 6.1, kisha gawanya 349 kwa 6.1: jibu ni kama 57. Maana yake chumba chako kinaipa nguvu noti ya karibu 57 Hz, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, kuliko nyingine zote. Kwenye gitaa la besi, kamba ya pili kwa unene ikipigwa wazi ni 55 Hz, kwa hiyo tunazungumzia kitu kilichomo karibu katika kila wimbo, iwe dansi, taarabu au bongo fleva.

Chumba cha mraba ni kibaya zaidi, kwa sababu urefu na upana vinakuza noti ileile. Dari ya mita 2.7 inaongeza noti yake ya 65 Hz, jirani kabisa na hizo. Chumba cha futi 10 kwa 13 kina nafuu, maana upande mrefu unakuza 44 Hz, na spika nyingi ndogo hazifiki huko chini kwa nguvu ya kukusumbua.

Juu ya hayo tunaongeza makosa mawili. La kwanza ni kuweka sabufa kwenye kona. Kona ina kuta mbili na sakafu, na kila uso mgumu ulio karibu unaiongezea besi. La pili ni kitanda. Shinikizo la wimbi hilo liko juu kabisa ukutani na chini kabisa katikati ya chumba, na wengi wetu husikilizia muziki kitandani, mgongo ukiwa ukutani. Sabufa iko kwenye kilele chake, sikio lako nalo liko kwenye kilele.

Anza na kisichogharimu. Punguza kitufe cha besi cha sabufa hadi usahau kwamba ipo, kisha kipandishe kidogo sana. Iondoe konani; nusu mita tu kufuata ukuta inaweza kubadilisha mengi. Kama chumba kinaruhusu zaidi ya sehemu moja, fanya jaribio ambalo majirani wakikuona watakushangaa: iweke sabufa juu ya kitanda, palepale unapokaa, piga wimbo wenye besi inayotembea, halafu tembea ukiwa umeinama, kichwa karibu na sakafu, ukipita kila mahali ambapo sabufa ingeweza kukaa. Pale ambapo noti zote za besi zinasikika sawa, bila moja kulipuka, ndipo pa kuiweka. Jaribio linakubali kwa sababu njia ya sauti kutoka A kwenda B ni ileile kutoka B kwenda A.

Kama spika ina tundu la kupumulia na mvumo bado upo, ziba tundu kwa soksi safi au kipande cha sponji. Besi itapungua na kukaza. Spika haitaumia ukipiga kwa sauti ya kawaida.

Kisichosaidia ni trei za mayai. Zinabandikwa ukutani kwa imani kubwa, na besi haizijui. Wimbi la 57 Hz lina urefu wa kama mita 6. Karatasi yenye mabonde ya sentimita nne hailizuii kwenda wala kurudi. Pazia nzito na zulia zinatuliza mlio wa juu na mwangwi, jambo zuri, lakini besi zinaiacha ilivyo. Vitu vinene kweli, kwa mfano godoro la akiba lililosimamishwa konani au kabati lililojaa nguo, vinapunguza kiasi. Kidogo tu, ila kwa kuwa vipo ndani tayari, vihamishie upande wa kona.

Kama kinachokukera ni vitu vinavyotetemeka (kioo cha dirisha la aluminiamu, vikombe, bati lisilo na dari), tafuta kimoja kimoja kwa kukibana na kidole muziki ukiendelea. Chini ya miguu ya sabufa weka vipande vya kandambili za zamani. Raba ile inakata mtetemo unaoshuka sakafuni vizuri kuliko watu wanavyotarajia.

Besi haipo kabisa

Kinyume chake nacho kipo. Kwanza jiulize umekaa wapi: ukiwa katikati kabisa ya chumba uko kwenye bonde la wimbi lile lile tulilolizungumza, na besi inakupita. Sogea nusu mita nyuma usikilize tena.

Pili, angalia waya za spika. Spika mbili, moja ikiwa imegeuzwa chanya na hasi, zinavutana: moja inasukuma hewa mbele wakati nyingine inairudisha nyuma, na besi inafutika huku sauti ya mwimbaji ikikosa mahali pa kukaa. Zigeuze spika zitazamane karibu karibu, piga wimbo, kisha badilisha waya wa spika moja tu. Upande wenye besi nyingi ndio sahihi. Spika isiyo na alama unaweza kuipima kwa betri moja ya volti 1.5: ukigusisha chanya ya betri kwenye pini chanya ya spika, uso unasogea mbele. Gusisha mara moja na utoe.

Tatu ni maumbile. Spika haiwezi kuwa na boksi dogo, besi ya chini na sauti kubwa kwa umeme kidogo, vyote kwa pamoja; utachagua viwili. Kanuni hii imepewa jina la Hofmann, mmoja wa watu watatu ambao herufi za majina yao ziliunda kampuni ya spika ya KLH nchini Marekani mwaka 1957. BBC nao walikutana nayo miaka ya mwanzo ya 1970, walipohitaji spika ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo, ambako fundi anakaa amebanwa kuliko mpangaji yeyote wa Manzese. Walibuni LS3/5A, boksi la urefu wa sentimita 30, upana wa 19 na kina cha 16 hivi. Waliamua kuacha besi ya chini kabisa na ukubwa wa sauti ili kupata uwazi wa maneno. Spika hiyo bado inatafutwa hadi leo. Kwenye chumba kidogo ningefanya uamuzi uleule bila kusita, kwa sababu kuta zenyewe zitarudisha sehemu ya besi iliyoachwa.

Muziki uko sawa, maneno hayaeleweki

TV bapa zina spika ndogo zinazotazama chini au nyuma. Sauti inagonga stendi au ukuta kabla ya kukufikia. Hapo saundiba ndogo au spika mbili za inchi tatu au nne zinasaidia hata kama hazina besi ya maana.

Kama tayari unazo na bado huelewi wanachosema, ziko chini mno. Spika iliyo sakafuni nyuma ya kiti cha plastiki inapigia muziki miguu yako. Milio ya juu, inayobeba herufi kama s, t na k, husafiri kwa mstari ulionyooka. Uso wa spika uwe usawa wa sikio ukiwa umekaa, au uinamishwe kukutazama. Zima pia kila kitu kinachoitwa SURROUND au 3D kwenye rimoti. Katika chumba hiki kuta zinakuzunguka za kutosha.

Sauti na midomo havilingani

Uliza swali moja tu: sauti inatangulia au inachelewa?

Ikitangulia, mara nyingi umechukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye sabufa, huku picha ikipitia TV. TV inachukua muda kuipamba picha, sauti haisubiri. Chukua sauti kutoka kwenye TV yenyewe, au weka TV katika hali ya GAME, inayopunguza upambaji. Vifaa vingine vina kipengele cha AV SYNC au LIP SYNC cha kuichelewesha sauti, na hicho kinatibu tatizo hili.

Ikichelewa, ni blutuuthi. Sauti inafungashwa, inarushwa, inafunguliwa, na kwa vifaa vya kawaida safari hiyo huchukua milisekunde 100 hadi 250. Mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, unasema watazamaji huanza kugundua sauti ikichelewa kwa milisekunde 125, au ikitangulia kwa 45 tu. Kwa muziki wa simu blutuuthi haina neno. Kwa tamthilia na taarifa ya habari, tumia waya.

Jirani akishangilia goli kabla mpira haujafika golini kwako, hilo halimo humu. Yeye anatazama kwa dishi, wewe kwa intaneti, na hakuna spika itakayokusaidia.

Umeunganisha, na ni kimya

Chanzo cha kwanza ni matundu. Yale ya njano, nyekundu na nyeupe nyuma ya TV nyingi ni ya kuingiza, hayatoi kitu. Soma neno lililoandikwa: INPUT au AV IN haitakupa sauti hata ukae nayo mwezi. Unachotafuta ni AUDIO OUT, tundu la hedifoni, OPTICAL (inayotuma sauti kwa mwanga), au HDMI iliyoandikwa ARC (inayorudisha sauti kutoka kwenye TV).

ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, na kwenye TV iko katika tundu moja tu kati ya yaliyopo. Ukichomeka saundiba kwenye HDMI ya jirani, kimya. Ukiichomeka kwenye sahihi na bado ni kimya, ingia kwenye mipangilio uwashe CEC, njia ya vifaa kuamrishana kupitia waya wa HDMI, ambayo kila kampuni imeibatiza: Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync.

Kwa OPTICAL, hakikisha vifuniko vidogo vya plastiki vimetolewa kwenye ncha za waya. Usicheke, ni vyembamba na vinaonyesha upande wa pili. Waya ukiwa mzima unaona taa nyekundu upande ambao haujachomekwa. Taa ipo lakini sauti haitoki, au kuna mkwaruzo mkali? TV inatuma Dolby, sauti iliyofungashwa kwa namna yake, na kifaa chako hakiielewi. Badilisha sauti ya kidijitali kwenye TV iwe PCM, ambayo haijafungashwa. Mpangilio huo mmoja umewarudisha watu dukani na vifaa vizima, na hasa wanaotumia kile kiboksi kidogo cha kugeuza OPTICAL kuwa nyekundu na nyeupe.

Mvumo usiokatika, au ti-ti-ti ya simu

Chomoa waya zote za kuingiza sauti, acha umeme tu. Mvumo ukibaki, umo ndani ya kifaa: mara nyingi ni kapasita za umeme zilizokauka, kazi ya fundi. Ukiisha, rudisha waya mmoja mmoja. Utakaourudisha mvumo ndio mhalifu, na kwa kawaida ni chaja ya laptop au waya wa dishi, kwa sababu vifaa viwili vimekutana kwenye njia mbili tofauti za ati, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini. Vichomeke vyote kwenye ekstensheni moja. Usipopona, tumia OPTICAL, maana mwanga haupitishi umeme. Kuna pia kiboksi kidogo cha kutenganisha chenye transfoma ndani, kinakaa katikati ya waya wa AUX.

Msikate pini ya ati ili kuua mvumo. Na ile tabia ya kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie, tuiache. Adapta ya plagi ni ya bei ndogo.

Mlio wa ti-ti-ti kabla simu haijaita ni mtandao wa 2G, unaorusha mawimbi kwa vipande karibu mara 217 kwa sekunde, na waya mrefu wa AUX ni antena nzuri. Hamisha simu, fupisha waya.

Ukipandisha inakwaruza, au inazima

Boksi limeandikwa wati 12,000 PMPO. Puuza. PMPO haina kipimo kinachokubalika, kila mtengenezaji anajiandikia. Geuza kifaa utazame kibandiko cha nyuma penye volti 220-240 na 50 Hz: kikisema 40W, hizo ndizo wati kinazovuta ukutani, na hakiwezi kutoa zaidi ya hapo kwa mfululizo. Uzito nao hausemi uongo kwa sabufa zenye transfoma ya kizamani.

Sasa, unahitaji ngapi? Spika ya kawaida yenye uwezo wa desibeli 85 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja, inatoa 79 hivi ukiwa mita mbili, bila kuhesabu msaada wa kuta. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Wati moja tu tayari ni sauti ya kutosha kumkatiza mtu anayeongea. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3, ambazo sikio linazisikia kama hatua ndogo. Ndiyo maana wati 15 au 20 za kweli kwa kila spika zinatosha chumba hiki na kubaki.

Kwa hiyo mkwaruzo unatoka wapi? Angalia kama umepandisha kitufe cha besi na cha sauti vyote mwisho. Shusha besi kwanza. Kama chanzo ni simu, iweke asilimia 80 hivi, kazi iliyobaki ifanywe na amplifaya. Mkwaruzo unaosikika pale tu unapozungusha kitufe ni vumbi na unyevu ndani yake, na fundi ana dawa ya kupulizia.

Kifaa kinachozima besi ikipiga na kuwaka tena chenyewe kinalalamikia adapta. Amplifaya ndogo za siku hizi za daraja D, kwa mfano zile zenye chipu ya TPA3116, zinapoteza umeme kidogo sana kuwa joto, ndiyo maana zinaenea kiganjani. Chipu hiyo inakubali volti 4.5 hadi 26, na wati zake 50 kwa kila upande zinapatikana kwa volti 21 na spika za omu 4. Ukiiwashia adapta ya volti 12, ampea moja, unaipa wati 12 kwa jumla. Adapta ya laptop ya volti 19 inaifaa vizuri, mradi uhakikishe chanya iko katikati. Kama sivyo, tazama nyuzi za waya wa spika: unywele mmoja uliogusa pini ya jirani unatosha kuzima kila kitu.

Kifaa kinachozima baada ya nusu saa kimepata moto. Kiondoe kwenye shelfu iliyozibwa, na usitandike kitambaa cha kufumwa juu yake hata kama ni zawadi ya mama mkwe. Joto hilo pia huwaita mende, ambao huingia kupitia tundu la besi na kutaga ndani. Kipande cha chandarua kilichokazwa kwenye tundu kinawazuia bila kuathiri sauti.

Jirani anagonga ukuta

Kinachomfikia ni besi, si maneno. Ukishusha sauti yote unajiumiza bure. Zima sabufa usiku, acha spika ndogo. Zisigusane na ukuta wa pamoja. Tafuta NIGHT MODE kwenye TV au saundiba: inashusha milipuko na kuinua minong'ono. Baada ya hapo ni hedifoni.

Ikiwa kweli ni lazima ununue

Kwa chumba hiki ningechukua spika mbili zenye amplifaya ndani, za inchi tatu au nne, nizifunge ukutani kwa vishikizo pande mbili za TV, ziachane mita moja hadi moja na nusu. Sakafu inabaki ya ndoo. Anayebana matumizi achukue amplifaya ndogo ya daraja D na jozi ya spika za mtumba, ambazo nyingine ni nzuri kuliko chochote kipya kwa bei hiyo. Saundiba bila sabufa ni ya tatu kwangu. Sabufa kubwa yenye spika ndogo tatu haimo kwenye orodha, ingawa najua ndiyo inayouzika.

Nenda na flashi yenye vitu viwili: taarifa ya habari na wimbo mmoja unaoujua hadi pumzi za mwimbaji. Muuzaji atapiga wimbo wake wenye besi. Mwombe apige habari kwanza. Simama karibu na ukuta unaposikiliza, maana duka ni kubwa na liko wazi, halifanani na kwako.

Kwa mtumba, soma volti kabla ya yote. Redio iliyotengenezwa kwa soko la Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120. Ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma ya kushusha, utasikia sauti moja tu. Gusa ukingo unaozunguka uso wa spika: ukingo wa sponji huoza kwa miaka na kumeguka kidoleni, wa raba hudumu. Ukiwa umeoza lakini spika ni nzuri, omba punguzo, kwa sababu fundi anaweza kuubadilisha. Mwisho ligeuze boksi utazame chini yake. Mbao ya kubandikwa iliyowahi kulowa huvimba kwenye kona na gundi hufunguka, na hiyo usiichukue hata kwa nusu bei.